Kwa Kulthum, Mama Malik, Aliyemkalisha Sumayya

Ni mwaka mmoja na siku tisa sasa tangu ulipotutoka, Mama Malik. Tumechelewa kuandika kwa sababu mume wetu Swaibu alitaka maneno haya yaandikwe na mimi, mke mwenzio, nami nilitaka kwanza niweze kusema kweli.

Kweli ni kwamba nilikuonea wivu. Si kwa ajili ya Swaibu. Hilo tulilimaliza zamani, tena kwa kicheko. Nilikuonea wivu kwa ajili ya mwanangu Sumayya.

Alipotimiza miaka miwili alikuwa hajaweza kukaa wala kutamka neno. Kliniki walitueleza kwamba ukuaji wake umechelewa, kwamba hakuna aliyemroga, na kwamba anahitaji mazoezi kila siku na watu wasiochoka. Niliandika kila zoezi kwenye daftari. Wewe hukujua kusoma. Nilisoma mimi, ukafanya wewe, na mtoto akakuchekea wewe.

Ulimlisha viazi vilivyopondwa ukisubiri afunge midomo mwenyewe, hata chai yako ikapoa. Ulimsemesha ukichambua mboga ya mrenda, na baada ya kila swali ulinyamaza kana kwamba jibu liko njiani. Mimi nilikuwa naharakisha.

Kisha ukachimba lile shimo kando ya jiko, kama mama yako alivyowachimbia ninyi. Kina chake kilimfika Sumayya kiunoni. Ukalitandika kanga kuukuu, ukamkalisha humo, na kwa mara ya kwanza mwanangu akautazama uwanja wetu akiwa wima, mikono yake ikiwa huru kuchezea vifuniko vya sufuria. Nilipaswa kufurahi.

Jirani yetu Ayuma alipita siku hiyo, akasema nawe ukimsikia: "Mama Sumayya, mwenzio anamzoesha mtoto kaburi, nawe umekaa tu unaangalia?"

Simlaumu Ayuma. Alinipa neno nililokuwa nalitafuta. Ulipokwenda sokoni Mayoni nililifukia shimo, nikalikanyaga mpaka likawa sawa na uwanja.

Ulirudi, ukautua mzigo, ukautazama ule udongo mbichi.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi."

"Umeogopa maneno ya Ayuma, ama ni wivu?"

Nilijifuta udongo miguuni.

"Basi chimba wewe, mdogo wangu. Mimi mgongo unaniuma. Na usichimbe kama shimo la muhogo. Huyu ni mtoto, hatumpandi."

Nilichimba nikilia na kucheka. Nilipomkalisha, alilia akikutafuta kwa macho. Wewe ukaingia jikoni, ukajifungia mlango pamoja na moshi wote ule, ukakaa humo ukikohoa mpaka aliponyamaza na kunyoosha mkono kwangu. Sikuelewa siku ile. Nilipoelewa, nilikuonea wivu hata kwa hilo, kwamba wewe ndiye uliyejua kujificha ili anigeukie mimi.

Neno lake la kwanza lilikuwa "Maliki." Ni wewe alikuwa anakuita.

Ulipofariki, Sumayya alikataa chakula siku mbili. Swaibu alikuwa amekwisha kufunga juu ya vigingi mianzi miwili ya kushikilia ajifunze kutembea, kutoka jikoni hadi mlangoni pako. Nilimwomba aing'oe aielekeze kwangu. Akafanya hivyo. Kwa wiki tatu Sumayya aliishika mianzi ile na hakuinua mguu. Nilisimama mlangoni pangu nikimwita, naye alikuwa ameugeukia mlango wako.

Ndipo nikakumbuka jiko na moshi. Nikamwambia Swaibu airudishe mianzi ilipokuwa, nami nikaenda nikaketi kizingitini pako.

Juma lililopita, siku ya dua yako, Sumayya aliiacha mianzi. Alipiga hatua nne bila kushika kitu. Alipofika alichungulia ndani juu ya bega langu, akaita, "Maliki?" Akangoja jibu, kama ulivyomfundisha. Kisha akajiangusha mapajani mwangu.

Hata hatua zile ni zako. Mimi nilikuwa tu nimekaa mahali pako.

Wanaokukumbuka ni mumeo Swaibu. Mwanao Abdulmalik na mkewe. Majirani, pamoja na Ayuma, ambaye mwezi uliopita alikuja kuuliza shimo la mjukuu wake lichimbwe kina gani. Sumayya, anayekuita kila asubuhi. Na mimi, mdogo wako Aminah.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Daima tutakukumbuka, nami daima nitakuonea wivu.