Mkwe Akipokea Simu

Bergamo, 4 Februari 2024

Mayu, shikamoo. Hali yako na wote hapo Nkome? Mimi mimba inanitesa, presha inapanda, daktari anasema wakati wowote nitalazwa. Simu yangu itabaki kwa Marco.

Anasema kuna namba ya Tanzania inapiga, akipokea mtu ananyamaza, kisha anakata. Anadhani ni matapeli, anataka kuifungia. Mayu, najua ni wewe. Huyu ni mume wangu, ongea naye. Kiswahili hajui, kwa hiyo shika haya machache. Huku simu ikipokelewa watu husema pronto. Jitambulishe: sono la mamma di Loveness. Akikimbiza maneno, mwambie parli piano, aongee polepole. Ukinitaka mimi, sema me la passi, per favore, yaani nipe niongee naye. Hiyo ni ya heshima. Akijibu dorme, basi nimelala, piga baadaye.

Mwanao, Loveness

Nkome, 9 Februari 2024

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, ila dagaa hawakauki kwa mvua hizi. Pole sana na presha.

Ndiyo, ni mimi. Ulitaka nifanyeje? Bibi yako aliyenizaa hajakaa na baba yako sehemu moja hata siku moja. Akimwona anakuja, anazungukia nyuma ya nyumba. Leo mimi nipige soga na mkwe sikioni? Mkwe ni mkwe, hata akiwa mzungu. Nakata kwa adabu, mwambie hivyo huyo anayeniita tapeli. Maneno yako nimeyashika, wenzangu huku kwenye vichanja wananicheka nikiyasema. Lakini kwake sisemi. Kaa na simu yako mwenyewe.

Mamako, Mbuke

Bergamo, 11 Februari 2024

Shikamoo, Mayu. Nimevimba mpaka usoni. Kesho Jumatatu nalazwa. Nikizidiwa utaambiwa na nani? Hiyo adabu itakusaidia nini siku hiyo?

Loveness

Nkome, 17 Februari 2024

Mwanangu Loveness, hali yako siulizi, nimeiona kwenye picha aliyonitumia mkwe: mipira puani, macho umefumba.

Nimeongea naye. Shangazi yako Mageni alinishika mkono, eti ukoo utasema sina haya, watanitoza mbuzi. Nikamwambia mbuzi nitatoa, niachie nipige simu. Nikasema pronto. Nikasema sono la mamma di Loveness. Akamwaga maneno, nikamwambia parli piano. Nikasikia mwanaume analia. Nyuma yake kitoto kilikuwa kinalia pia, nikamshukuru Mungu kwa hicho.

Nikasema me la passi. Akasema dorme. Juzi dorme, jana dorme. Mtu gani analala tangu Jumatatu?

Leo nimekataa. Kila akisema dorme, nasema me la passi, per favore, mpaka akachoka. Nikasikia mashine inalia karibu, nikajua simu iko sikioni mwako. Nikakusemesha Kisukuma. Nimekugombeza vibaya, nikakubembeleza, nikakugombeza tena. Hukujibu, na nimeumia, sifichi.

Barua hii utaisoma ukiamka. Kesho napiga, na keshokutwa napiga. Wakaze shingo wao, ukoo na madaktari. Simu hii mimi sikati tena. Ukichoka na kelele zangu, ikate wewe, kwa mkono wako.

Mayu wako, Mbuke