Kosa 31 kwenye Kompyuta ya Dada

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefanya kazi safi! Kompyuta ya dada, ile ya chumba cha kudarizi dukani kwake, ilikuwa na ugonjwa wa miaka na miaka. Ukiiwasha asubuhi inasimama kwanza, inaandika kwamba sasa ni mwaka 1999, halafu inangoja dada abonyeze kitufe ndipo iendelee. Marehemu shemeji ndiye aliyemfundisha kubonyeza. Nikasema haiwezekani — dada wa Profesa aishi mwaka 1999! (Mtaani wananiita Profesa. Niliwaomba waache, lakini wananiita.)

Nikafungua boksi. Nikapuliza vumbi, likatoka la kutosha kujengea nyumba. Nikang'oa betri ndogo ya saa, ile ya duara kama kifungo cha koti, ilishakufa zamani, nikatia mpya. Nikapanga tarehe ya leo. Ikawaka moja kwa moja, haikuuliza kitu!

Dada alikuwa anafunga duka. Akasema asante sana mdogo wangu, akanipakulia chakula. Nikamweleza kwamba fundi mwingine angekaa na hii kazi wiki nzima na angebakiza skrubu mbili mezani. Mimi nimebakiza moja tu.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Asubuhi dada amefungua ile programu ya michoro, ikakataa. Dirisha moja jekundu, maneno mawili: Kosa 31. Ukibonyeza sawa, inajifunga. Ukifungua tena — Kosa 31.

Hii si programu ya kuchezea. Shemeji alichora humo kila kitu: maua, ndege, herufi, nembo za shule, nembo za hospitali. Programu ndiyo inaipelekea mashine ya kudarizi mchoro, sindano zinafuata. Hakuna programu nyingine inayosoma michoro yake. Na waliotengeneza hii walishafunga ofisi zamani. Ikifa hii, mkono wa shemeji umekufa mara ya pili. Dada hakusema hivyo. Alisema tu, 'Itafunguka, eti?' Nikasema dada, unaongea na nani!

Nimeizima na kuiwasha. Nimeipiga ubavuni, kwa heshima. Nimewahi kufufua printa ya jenerali mmoja kwa kuinong'oneza tu, karatasi zikatoka zimenyooka kama gwaride. Hii haikusikia.

Mchana akaja matroni wa hospitali. Wauguzi wake wapya wanaanza kazi Jumapili, anataka nembo kwenye sare zote ifikapo Jumamosi: mkono ulioshika ua, mchoro wa shemeji. Akasema ikishindikana atavuka barabara kwa yule jirani mwenye mashine mpya. Huyo atachora mkono wake mwenyewe. Nimeuona mkono anaochora jirani. Unafanana na uma.

Nikamwambia matroni asiwe na wasiwasi, Kosa 31 ni virusi vya kawaida, nimeviua vingi.

Jumatano, 6 Machi

Si virusi. Nimewinda kutwa nzima, hakuna hata kimoja.

Mpwa wangu amekuja, binti wa dada, anashughulika na kompyuta za ofisi fulani kubwa. Mimi namwita Injinia. Ameomba ruhusa kazini, amekuja na laptopu yake. Swali la kwanza, hata hajakaa: 'Mjomba, umegusa nini?'

Nikasema nimefuta vumbi tu, tena bure.

'Vumbi tu?'

'Vumbi tu, na lilikuwa vumbi la kihistoria.'

Tukanakili programu kwenye flashi, tukaitia kwenye laptopu yake. Windows mpya ikasema hiki kitu haikijui kabisa. Injinia akabofya huku na huku, akaidanganya programu kwamba iko kwenye Windows ya zamani, kama unavyomdanganya bibi kwamba yuko chumbani kwake. Ikafunguka! Nikapiga makofi. Dirisha jekundu. Kosa 31.

Akasema tusikate tamaa. Akawasha upande wa pili wa laptopu, kule anakotumia Linux, ile ya pengwini. Humo kuna kitu kama mkalimani, kinaendesha programu za Windows kwa kuzitafsiria. Mkalimani akahangaika. Kosa 31!

Ila kuna jambo nililofanya mimi, na naliandika hapa lisipotee. Laptopu ilikuwa haiioni mashine ya kudarizi. Waya umechomekwa, taa inawaka, lakini hazijuani. Injinia akasema labda waya mbovu. Nikasema subiri. Shemeji aliipa ile mashine anwani yake kwa mkono, siku hizo hakukuwa na kile kiboksi cha kugawa anwani. Laptopu imekaa inangoja kugawiwa! Nikaipa anwani kwa mkono wangu, kama nyumba inayopakana na ya mashine. Zikasalimiana papo hapo! Injinia akanitazama akasema, 'Mjomba, hilo ulilijulia wapi?' Nikasema kwenye manowari. (Shemeji alinionyesha. Lakini jibu la manowari lilikuwa zuri.)

Kwa hiyo njia iko wazi. Hakuna cha kupita.

Alhamisi, 7 Machi

Injinia amerudi kazini ila anapiga simu kila saa. Anasema jambo moja: Windows ya zamani, Windows mpya, Linux, kosa lilelile. Basi ugonjwa hauko kwenye kompyuta. Nitafute kitu ambacho zote tatu zinacho sawa. Nikasema umeme. Akacheka mpaka akakata simu.

Dada ameanza kutandika sare mezani, moja juu ya nyingine, bila nembo. Anazinyoosha kwa kiganja. Jirani alichungulia mlangoni, akamwambia dada, mama, kama unahitaji msaada sisi tupo. Msaada! Nikamwambia aende akasaidie uma wake.

Jioni, tunakunywa chai, dada amekaa anaitazama ile kompyuta. Akasema kitu, hakuniambia mimi, alisema tu:

'Unajua mdogo wangu, nimekosa kule kubonyeza kwa asubuhi. 1999 ndio mwaka tuliofungua hapa, mimi na yeye. Kila siku ilikuwa inanikumbusha. Tangu uibadilishie betri haisemi tena.'

Nikaweka kikombe chini.

Tangu niibadilishie betri.

Nimelala chali nawaza. Kitu ambacho zote tatu zinacho sawa ni tarehe ya leo! Programu ilizaliwa wakati wa 1999. Haijui kwamba miaka imeendelea, hesabu yake haifiki huku. Miaka yote hii ilikuwa inaamshwa kila asubuhi, inaambiwa ni 1999, inafanya kazi kwa furaha. Nimekuja mimi nikaiambia ukweli, ikazimia.

Mimi sikuharibu, hilo liandikwe. Nilitengeneza. Nilitengeneza sana mpaka nikapitiliza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika dukani kabla ya dada, ufunguo ninao. Boksi wazi, betri mpya nje, nikaitia mfuko wa shati. Waya wa umeme nikauchomoa, nikangoja kidogo saa yake ijisahau na kurudi mwanzo, nikachomeka.

Ikasimama. Ikaandika 1999. Ikangoja.

Sikubonyeza. Nilimwachia dada.

Alipoingia, nikasema tu, 'Dada, inakuita.' Akaiona ile namba. Akaweka mkoba chini polepole. Akabonyeza. Akafungua programu — mkono ulioshika ua ukajaa skrini nzima, kila kidole mahali pake!

Jamani. Dada alinikumbatia mpaka kalamu ikavunjika mfukoni. Anasema, 'Wewe ni mtu mwingine kabisa!' Nikasema kidogo kidogo tu dada. Mashine imeanza kushona na haijasimama. Sauti yake tamu kuliko redio. Dada amemwambia muuza vitambaa, amemwambia kinyozi, amevuka barabara akamwambia hata jirani: mdogo wangu amefanya kilichowashinda wasomi. Sikumzuia. Ningemzuiaje, mtu mwenye furaha?

Wameuliza dawa ilikuwa nini. Nikasema ni mambo ya ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Sare zimeisha! Zimepangwa kama askari, kila kifua kina mkono na ua. Matroni amefika, ameshika moja, ameigeuza nyuma kuangalia nyuzi, akasema shemeji yako alikuwa mtu, na wewe pia ni mtu. Hilo nitalibeba kaburini.

Injinia naye amekuja, leo hana kazi. Amekaa kwenye kompyuta kuanza kuihamisha michoro yote, moja moja, kwenye aina ambayo programu mpya zinaweza kusoma, ili siku kompyuta hii ikichoka kweli mkono wa baba yake ubaki. Tumekubaliana: nami nitamsaidia upande wa anwani. Ameiwasha mwenyewe. Ameona 1999. Akasema, 'Aaa.'

Kisha akaniomba kalamu. Mimi nami, kichwa kimejaa sifa, nikaingiza mkono mfuko wa shati, nikatoa kalamu mpya — na betri ikatoka nayo. Ikaanguka mezani, ikazunguka, ikalala. Mpya, inang'aa.

Injinia ameisimamisha kwa ukucha, anaizungusha kama pia.

Dada yuko mlangoni na matroni, muuza vitambaa na kinyozi. Chai imemiminwa. Anaita: 'Mdogo wangu, njoo uwaeleze ulivyofanya! Usiruke kitu!' Nimesema ngojeni, namalizia maelezo ya kiufundi. Ndiyo haya ninayoandika.

Injinia ameniinamia sikioni. Anatabasamu, lile tabasamu la baba yake.

'Mjomba,' ananong'ona, 'hadithi utaianzia Jumanne, au Jumatatu?'

Dada anaita tena. Kiti changu wamekiweka katikati. Nimefunika kalamu. Nimeifunua tena —