Baba Haingii, Mokaya Hatoki

Jumanne, 10 Agosti 1971

Uji wa mgonjwa, nguo za mgonjwa, chai ya wageni. Wageni tena! Kila mmoja anataka kuona kovu. Nimetoka Kisii mjini mpaka hapa Ekerenyo kumsaidia wifi yangu Nyaboke wakati shule zimefungwa. Likizo gani hii?

Kaka yangu Mokaya utumbo ulijisokota, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa. Amepona. Daktari aliagiza jambo moja tu: atembee kila siku, asije akashikwa na nimonia. Hatembei. Eti nyuzi zitakatika. Mwanamume mzima, baba wa watoto, amejifunika gubigubi.

Jumatano, 11 Agosti

Baba amekuja tena uani. Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwiko. Hata dirishani hachungulii, maana ndani kuna kitanda. Basi anasimama chini ya migomba na kuniuliza mimi. Anakula? Anakula. Anaongea? Anaongea. "Mbona simsikii?"

Nyaboke hawezi kubishana na baba mkwe. Mtumwa wa kwenda na kurudi ni mimi. Nimemwambia Mokaya, "Toka hata mlangoni, mzee akuone." Akageukia ukuta.

Alhamisi, 12 Agosti

Mvua. Baba yuleyule, migomba ileile. Koti limelowa chepechepe. Sasa anasema tunamficha: mwanawe amekufa, sisi tunapika chai. Jamani! Nikamwambia aulize jambo wanalolijua yeye na Mokaya tu. Akauliza jina la ng'ombe aliyemvunja Mokaya jino walipokuwa malishoni wawili.

Nikaingia, nikamwamsha Mokaya. Akanijibu kwa hasira, "Sijui. Mwambie nimesahau."

Nami, mjinga, nikapeleka jibu hilohilo. Baba akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 13 Agosti

Baba hajala tangu jana. Anakohoa. Mokaya naye ana homa, kifua kinakwaruza. Ndicho alichotuonya daktari. Nimemwomba asimame, nimembembeleza, nimemtukana. Wapi! Nikamwambia nitawazika wote wawili siku moja, kisha nirudi kufundisha.

Nawachukia leo, baba na mwana. Naandika hivyo na sioni haya. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Nampenda huyu kaka yangu na naogopa.

Jumamosi, 14 Agosti

Tumetoka kanisani, hata viatu sijavua, nikasikia mayowe barabarani. "Uuuwi! Mokaya woi! Umetuacha na nani?" Shangazi kutoka Suneka, kitambaa kiunoni, wanawake nyuma yake wanaitikia. Kumbe Baba alimtumia habari ya msiba. Siku ya Sabato! Majirani wakamiminika. Mzee mmoja akaanza kuuliza kaburi litachimbwa upande gani. Nilisema, nikapiga kelele, hakuna aliyenisikia.

Ndani kitu kikaanguka. Mlango ukafunguka. Mokaya huyo, mkono tumboni, shuka kiunoni, macho mekundu.

"Nani amekufa hapa?"

Shangazi akakaa palepale kwenye matope. Mokaya akatembea kwa miguu yake mpaka katikati ya uwanja, akimtukana kila aliyelia. Baba akamtazama. Akamtazama weee. Kisha akageuka upesi, maana shuka lilikuwa linateleza.

Jumapili, 15 Agosti

Jua. Mokaya ameuzunguka uwanja mara kadhaa, bila kuambiwa na mtu. Nyuzi hazikukatika. Homa imeshuka.

Baba alileta kiti, wakaketi pamoja nje. Kijiji kizima kimeliona kovu. Baba hakuomba kulitazama. Mzee haruhusiwi kuona mwili wa mwanawe. Wakatazama migomba mpaka nikatamani kuwatikisa. Mwishowe Baba akauliza, "Unakula?"

"Ninakula."

"Haya."

Hayo tu, baada ya yote yale.

Baadaye Baba alidai chakula mwenyewe. Akamaliza sahani, akaenda nyumbani kwake kulala, mchana kweupe. Nyaboke amewakataza watoto kelele. Hata mimi natembea polepole. Jioni inaingia na bado amelala, mkoromo unasikika mpaka huku uani.