Kiti cha Mama Mudogo

Jumatatu asubuhi, Novemba 1998, Evere

Mvua ile ile ya Bruxelles, hainyeshi sana wala haikatiki. Nyumba nzima inanuka samaki na sombe ya majani ya muhogo, viti tulivyoazima kanisani vimejaa sebuleni, miguu inaniuma, na moyo wangu mweupe kabisa. Shajara, naanza na asante. Asante Mungu. Nikianza na maelezo nitasahau kuisema.

Jana watu wa mchumba wangu walikuja kunitolea mahari.

Bon, nieleze vizuri. Mimi Furaha, msomi wa falsafa, ninayeandika tasnifu juu ya mamlaka na ukimya wa wanawake, jana nilifungwa kitenge kipya nikafichwa chumbani, ningoje wanaume wamalize kuongea mambo yangu. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, halafu kicheko kikakauka.

Alhamisi nilikuwa Auderghem, kwa Annelies, ambako tunakutana wanawake wachache kusoma pamoja. Nilipowaambia habari ya mahari, walifunga vitabu vyao. Annelies ni rafiki yangu wa kweli, amenisaidia mengi tangu mwaka wa kwanza, na aliniuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeulizia ugonjwa: "Kwa hiyo wanakuuza?"

Nilikasirika. Mwaka mzima tumekaa kwenye meza ile tukisoma jinsi mwanamume alivyojifanya yeye ndiye mtu, na mwanamke akafanywa yule mwingine. Alors, siku ile pale mezani yule mwingine nilikuwa mimi. Nikamwambia njoo Jumapili uone kwa macho yako, nikavaa koti nikaondoka.

Kwenye basi hasira ikashuka, nikabaki na ukweli. Swali lake liliniuma kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinaniuma tayari. Mahari haikuwa shida. Shida ilikuwa kiti.

Mama Mudogo ni mdogo wa marehemu mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado mgongoni, na mgongo uliofuata ulikuwa wa Mama Mudogo. Ndiye aliyenilea Bukavu, ndiye aliyenitoa Bukavu wakati wa taabu, ndiye anayeogesha wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa hapa Evere ili mimi nikae maktaba. Lakini kwa desturi yetu anayeketi mbele na kupokea wageni wa mahari ni mwanamume wa upande wa baba. Baba hayupo tena. Donc, mwenye mtoto ni Tonton Déo, mdogo wa baba, mtu mwema, tunayemwona Krismasi na kwenye misiba. Mama Mudogo nafasi yake ni jikoni.

Jumamosi nilimpigia Tonton simu, nikamwomba amwekee Mama Mudogo kiti pembeni yake. Alicheka. "Furaha, usituletee falsafa kwa mambo ya bakubwa. Banamuke beko na kazi yabo kule jikoni."

Na aliyenivunja nguvu zaidi ni Mama Mudogo mwenyewe. "Achana nayo, mwana. Banaume banasema, sie ndio tunapanga." Kina mama wa kanisani, mamans wote, husema hivyo hivyo, na wanajivunia. Ni kweli, wanapanga. Nimewaona wakiamua ndoa nzima huku wanachambua mboga. Lakini mamlaka yasiyoweza kupita mlango wa jikoni bila kuvaa suruali ya mtu mwingine, hayo ni mamlaka gani? Mimi nayaita kuomba kwa akili.

Sikumwambia hivyo. Mtu aliyekubeba humwambii maneno ya tasnifu.

Jana basi. Patrick wangu na watu wake walifika kutoka Liège, watu wetu wakawapokea kituoni Gare du Nord wakiwa na miavuli iliyopinduka kwa upepo. Msemaji wao ni Papa Célestin, mzee wa Lubumbashi, mwenye suti ya kijivu na maneno matamu. Annelies naye akaja, na maua. Mamans wakampokonya maua, wakampa aproni na kisu, na niliposikia "si vile! si vile, mutoto!" kutoka jikoni nilijua ndizi zimemshinda. Wallahi ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Nikiwa chumbani nilisikia yote. Salamu, mafumbo, "tumeona ua kwenye bustani yenu", Tonton akijifanya hajui ua gani. Wakaletewa wasichana wengine wawili wamefunikwa, wageni wakasema si huyu, watu wakapiga vigelegele. Mwisho nikatolewa mimi.

Sasa, desturi yetu ina kitu kimoja nilichokuwa nakijua tangu utotoni bila kukiona. Kabla vitu vya mahari havijapokelewa, binti anaulizwa mara tatu mbele ya wote. Hakuna anayeweza kumjibia, hata baba. Asipofungua mdomo wageni wanafunga mizigo yao na kurudi kwao.

Tonton akaniuliza: "Furaha, unajua hawa bantu? Tupokee?"

"Ndiyo."

Vigelegele. Akauliza tena. Nikasema ndiyo tena, macho chini kama nilivyofundishwa. Patrick alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Mara ya tatu nikainua macho, nikaona ule mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi kidogo, na kwenye upenyo nikaona jicho la Mama Mudogo na nusu ya kilemba chake. Mtoto wake anaolewa, naye anachungulia kama jirani mbeya.

Nikanyamaza.

Sikuwa nimepanga, naapa. Nimeandika kurasa nyingi juu ya ukimya wa wanawake, jinsi watu wanavyousoma siku zote kama ndiyo. Lakini pale sebuleni ukimya wangu haukuweza kusomwa ndiyo. Wanaume wote wale, na suti zao, walikuwa wamekwama kwenye mdomo wangu. Desturi yenyewe iliacha mlango pale, sijui ni bibi gani wa zamani aliyeulilia mpaka ukaachwa, na mimi nikapita.

"Tonton," nikasema, "ya tatu nitajibu Mama Mudogo akiwa amekaa hapa."

Mungu wangu! Patrick alibadilika rangi, maskini. Tonton akaniinamia, akasema chini chini, "Furaha, unataka kunipatisha haya mbele ya bageni?" Nilimwona jasho usoni, nikamhurumia kweli. Nikamjibu hapana, nataka aniulize Mama Mudogo akiwepo, basi.

Papa Célestin ndiye aliyetuokoa. Aliegemea kiti chake, akakunja mguu. "Sisi tunangoja. Chakula inanukia muzuri, hatuna haraka."

Tonton Déo akasimama. Nilidhani anaondoka. Alienda mpaka mlango wa jikoni akausukuma. "Dada, kuya."

Shajara, mama huyo alikataa! "Mie? Na hii kitenge ya kupikia? Apana, apana." Mikono ilikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko. Niliogopa kuliko wakati wote, maana kama angerudi nyuma ningekuwa nimemwaibisha bure. Ndipo mamans nyuma yake wakaanza kumsukuma, na wa kwanza kusukuma alikuwa Annelies na aproni yake. Viti havikutosha. Tonton akampa chake, yeye akabaki amesimama. Halafu, na hili nitamshukuru nalo mpaka nizeeke, akamwambia: "Uliza wewe."

Mama Mudogo akafuta unga mikononi kwa kile kitenge.

"Furaha, mwana wangu. Tupokee?"

Nilisema ndiyo kwa sauti iliyopasuka, majirani wa juu lazima walisikia.

Annelies alipoaga alinikumbatia, ananuka vitunguu, na lile swali lake hakulirudia. Desturi haikugeuka jana, kiti kimesogea tu. Lakini kimesogea, na waliokisogeza nawashukuru mmoja mmoja, hata Tonton. Hasa Tonton.

Leo nimeamka nikidhani Mama Mudogo yuko jikoni. Huyu hunywa chai amesimama, mgongo kwenye sinki, ndivyo nilivyomjua maisha yangu yote. Jikoni hakuna mtu. Nimemkuta sebuleni peke yake, kwenye kiti kile cha mbele, mikono magotini, anaangalia viti vitupu.

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Apana. Nilitaka tu kuona ginsi inaonekana kutoka hapa."

Nikaenda jikoni, nikachemsha maji, nikamletea chai pale pale. Hakuinuka. Akaonja, akanirudishia kikombe.

"Ongeza sukari."

Tangu nizaliwe sijatumwa nikafurahi namna hii.