Maji ya Jakuzi Hayamwagwi

Jumapili, 5 Februari 2006

Leo damu imemwagika kwenye vigae vyangu. Yule mgeni wa Syokimau aliyelala hapa Ijumaa na kipenzi chake amerudi mchana, peke yake, macho mekundu. Hakusalimia mtu. Mbele ya watu wanaokula nyama akafungua mkanda, akashusha suruali, akatuonyesha makalio! Vipele vyekundu tele, vingine na usaha. Akapiga kelele kwamba jakuzi la gesti yetu ndilo limemfanya hivyo, na mwenzake ako hivyo hivyo.

Wambua akatoka kuona kuna nini. Yeye ndiye mtunza jakuzi. Hakuwahi hata kufungua mdomo — chupa ya soda ikampasukia kichwani. Akaketi chini polepole, kama mtu aliyechoka tu. Mume wangu Kioko akamkaba yule mgeni koo, wakabingirika, wakavunja meza mbili. Nikachukua birika la chai nikawamwagia wote wawili. Ndiyo! Meza zangu hizo.

Wambua ameshonwa nyuzi. Mgeni ameondoka akiapa kurudi na wakili.

Watu walipoisha nikaenda kupima maji. Karatasi ya kupimia haikubadilika rangi hata kidogo. Klorini hakuna! Na niliweka kwa mkono wangu asubuhi. Najua maji moto hula dawa haraka, lakini si kwa uroho huu.

Jumatatu, 6 Februari

Nimeamua. Maji yote yamwagwe.

Aliyeniuzia dawa kule Nairobi alinieleza vizuri. Alisema jakuzi ni supu: watu wanachemka humo na jasho lao, losheni, mafuta ya nywele. Klorini inapigana mpaka inachoka. Ikifika hapo usiongeze dawa, mwaga kila kitu, sugua, osha chujio, weka maji mapya. Na kila mtu aoge kwa sabuni kabla hajaingia. (Nimebandika tangazo. Hakuna anayelisoma.)

Kioko alinuna. Kiangazi hiki boza, lile lori la maji, linakuja likitaka kubembelezwa, na huku barabara ya Masii punda wanaanguka njiani na mitungi mgongoni. Nikamwambia, kama hutaki kubadilisha maji, funga jakuzi, lifanye hori la ng'ombe. Akakubali, lakini aliubamiza mlango mpaka kitasa kikatoka.

Wambua akafungua koki. Maji machafu yanapita kwenye bomba hadi nyuma ya jikoni, kwenye mapipa yaliyopasuliwa, ndiyo tunayonyweshea sukuma wiki. Mama Nzembi, mama mkwe wangu, alisimama na fimbo yake akitazama bomba kama anayetazama mazishi. Akaniuliza kama mimi sikuzaliwa Ukambani, nchi ya kiu. Kwa Mama mtu hunyamaza.

Jakuzi lenyewe Kioko alilinunua kwa ajili ya magoti ya Mama. Kila asubuhi anaingia wa kwanza, kabla ya wageni, na leso yake kiunoni. Mguu wa kushoto ana kidonda pale punda alipompiga teke. Nimemwomba asiingie nacho. Sawa na kuliambia jiwe.

Nilikwenda Machakos kununua klorini. Nimerudi jioni, jakuzi limejaa. Tangi la juu nalo limejaa! Nikasema kimoyomoyo, huyu mtu wa boza leo Mungu amemgusa, ameongeza. Mjinga mimi.

Jumanne, 7 Februari

Povu! Nimewasha pampu asubuhi, povu likapanda hadi ukingoni kama maziwa yanayochemka. Na harufu ya kukata pua. Kioko anasema harufu hiyo ni dawa kuzidi, nipunguze. Hapana. Klorini ikinuka hivyo ujue iko vitani na uchafu, na inashindwa. Maji mapya hayatoi povu. Maji mapya hayaachi mstari wa mafuta ukutani.

Nikamwita Wambua. Nikamuuliza, ulimwaga? Akasema alimwaga. Ulijaza kutoka kwa tangi? Akainamisha kichwa. Nikauliza tena. Anaangalia viatu vyake. Damu ikanipanda, nikamzaba kofi, upande ule ule wa nyuzi. Akasema tu, "Madam, mimi sisemi ya wakubwa."

Nilidhani anamsema Kioko. Na Kioko naye akasikia kelele, akaja, akauliza nini, nikamwambia huyu hajabadilisha maji, anatudanganya. Lo! Alimpiga kama mtu anayepura maharagwe. Ngumi, teke, teke. Wambua amemzidi Kioko umri, ana wajukuu. Hakujikinga hata na mkono. Nililia nikimvuta Kioko shati mpaka likachanika.

Nimefunga jakuzi kwa mnyororo. Hakuna mgeni atakayeingia humo.

Alhamisi, 9 Februari

Nimejua.

Jana nilimpelekea Wambua uji, akaukataa. Akaniambia kitu kimoja tu: kesho nimwagize amwage tena, kisha mimi nijifanye nimesafiri. Nikafanya hivyo, jakuzi nikaliacha bila mnyororo. Nikabeba mkoba, nikaaga kila mtu, nikafika kona ya kanisa, nikageuka, nikapita kwenye ua wa miiba. Miguu yote mikwaruzo.

Nyuma ya jikoni namkuta Mama Nzembi, leso imefungwa juu ya magoti, bandeji imelegea. Anachota maji machafu kwenye mapipa kwa karai la bluu, anampa Mueni, msichana wa kazi, naye anayarudisha ndani ya jakuzi kwa ndoo. Ndoo baada ya ndoo! Wambua amekaa chini ya kivuli, ameshika kichwa. Tangi halijaguswa.

Nilipiga kelele gani sijui. Mueni alitupa ndoo akakimbia. Mama hakushtuka. Akasema, "Mbinya, mwaka ule wa njaa sisi tulichimba mchanga wa mto na mikono mpaka kucha zikatoka. Mtoto wangu mmoja alikufa kiu mgongoni nikichimba. Wewe unamwaga mto mzima kwa udongo, ati ni chafu? Maji ni maji. Maji haimwagwi."

Nikamwambia maji haya yameshaumiza watu, Mama, na yatakuumiza wewe. Nikashika karai. Akavuta. Nikavuta. Mwanamke wa miaka yake ana nguvu, jamani! Akaniuma mkono. Meno aliyobakiwa nayo yote yaliingia hapa chini ya kidole gumba, naandika kwa taabu. Nami nikamsukuma. Akaangukia mapipa, akaketi ndani ya tope, akanitazama, akasema nikifungua mdomo kwa mwanawe ataninyooshea titi lake na kunilaani. Wambua naye alishaambiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana ya kunyamaza kwake.

Nilimsukuma mama wa watu.

Ijumaa, 10 Februari

Nilimwambia Kioko. Laana na ije.

Hakunipa nafasi ya kumaliza. Kofi la kwanza likanigonga kabatini, la pili sikulisikia vizuri kwa sababu sikio lilishaziba. Anasema ninamsingizia mama yake ili nimlinde mtumishi. Mueni ametoroka kwao, hayupo wa kusema. Ameninyang'anya ufunguo wa mnyororo akampa Mama. "Aoge wakati anataka! Ni yake!"

Kilichobaki kwangu ni ufunguo wa chumba cha pampu. Huo hakuukumbuka.

Jumatatu, 13 Februari

Mguu wa Mama umevimba hadi chini ya goti. Unawaka. Ngozi inang'aa, rangi kama ya ini. Homa usiku kucha. Na asubuhi bado alitaka kupelekwa kwenye jakuzi!

Tumempeleka Machakos. Daktari alifungua bandeji, akarudi nyuma hatua moja. Akauliza, "Huyu mama amekuwa akiloweka kidonda kwa maji gani?" Nikamtazama Kioko. Kioko akatazama ukuta. Daktari akasema vijidudu vya maji moto machafu vimeingia, alazwe leo leo, ikipanda juu ya goti itabidi mguu ukatwe. Mama akasema hospitali ni mahali pa kufia, akashuka kitandani mwenyewe. Wamemdunga sindano, wametupa vidonge, tumerudi naye.

Njia nzima Kioko alisema neno moja. Wambua. Wambua. Wambua.

Nikamwambia, Kioko, si Wambua. Akaniambia nikirudia ataanza na mimi.

Jumatano, 15 Februari

Naandika nikiwa chumba cha pampu. Nimekomea mlango kwa ndani. Ni mchana, jua kali, naona ua wote, hadi kwenye mapipa, kupitia vioo vya dirisha hili.

Wambua alikuja asubuhi kwa miguu yake. Nilikuwa nimemtumia ujumbe asije! Eti alikuja kumwona Mama. Kioko na wenzake wawili wa sokoni wamemburuta hadi stoo, wamemfunga kwa kamba ya punda. Nimesikia mbavu zikigongwa. Sasa wenzake wamekwenda kuita wengine. Kioko amebaki barazani na panga, ananoa. Hana haraka. Anatia mate jiwe, ananoa. Nilipiga magoti mbele yake. Nikasema mama yako ndiye aliyerudisha maji, kwa mkono wake, kwa karai la bluu. Akanipiga na ubapa wa panga begani. Akasema wakija wenzake, Wambua hatalala katika dunia hii.

Maneno yameniishia. Basi aone kwa macho yake.

Nimefungua koki. Yote, hadi mwisho. Maji yanashuka kwa kishindo, yanapita ukutani, yanamiminika kwenye mapipa nyuma ya jikoni. Sauti hiyo inasikika hadi barabarani. Na itasikika chumbani kwa Mama.

Ni ukatili, najua. Mgonjwa wa homa, mguu wa kukatwa, nami ninamwita atoke kitandani kwa sauti ya maji. Lakini mle stoo kuna mtu anayekufa kwa ajili ya heshima ya Mama.

Kioko amesikia. Ameinuka. Anapiga kelele, nani amefungua! Anakuja huku. Anatikisa mlango. Panga limeuma ubao — mara moja, mara mbili. Komeo linashika. Mbinya toka! Toka nikukate! Sitoki.

Ameacha.

Amegeuka. Kitu kimegonga sakafu ya baraza — fimbo. Mama Nzembi ametoka. Leso moja tu, kichwa wazi, anajishika ukutani. Ule mguu anauburuta kama gogo. Bandeji imebaki nyuma kwenye vumbi. Wala hamtazami Kioko. Anakwenda kwenye mapipa. Ameinama kwa shida, amechukua karai. Bluu. Amechota.

Anapita nalo mbele ya mwanawe, maji yanamwagika kifuani. Amelimimina ndani ya jakuzi. Anarudi mapipani. Anachota tena. Kioko amesimama katikati ya ua, mdomo wazi.

Karai la tatu. Mama ameyumba. Amejishika ukingo wa pipa. Sasa ndiyo anamtazama mwanawe. Anamwambia, nasikia vizuri kabisa, "Wewe Kioko, unasimama hapo kama mti? Maji inaisha. Shika ndoo."

Ndoo iko hapo miguuni pa Kioko, ile aliyoitupa Mueni. Panga liko mkono wa kulia. Kutoka barabarani nasikia sauti za wanaume wakija.

Ameinama. Kutoka hapa mkono wake siuoni, kama umeachia panga.