Begi Lililomeza Hereni

Lizaboni, Songea
Jumapili, 14 Juni. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, baridi inauma vidole.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na mgongo umepungua kukusumbua. Macho ya mama yanaendeleaje? Na ile mikorosho ya nyuma ya nyumba, mmeshasafisha chini yake kabla ya kupuliza dawa? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia tangu jana. Ningekupigia, lakini wewe simu unaisikiliza kwa sauti ya nje, na sipendi Tunduru nzima ijue kabla yako.

Unakumbuka nilikuomba ruhusa ya kuliacha sanduku lako la bati la useremala, nililokuwa nabebea vifaa. Sababu nilizokupa zilikuwa za kweli. Madereva wa bodaboda walikuwa wananikataa kwa sababu linawachoma mgongoni, na likiburuzwa kidogo tu linakwangua vigae vya watu. Halafu kaka Festo, fundi umeme mwenzangu anayenigawia kazi, kila akiniona alikuwa anapaza sauti: "Zuhura, leo unamzika nani?" Nikanunua begi la turubai, la kuvaa begani, lenye mdomo mpana na mifuko kila upande. Ni jepesi, unaliweka popote, halipigi kelele. Wewe ulisema tu, "Haya, mbebaji ni wewe."

Jumatano nilikuwa kwa Mama Frida, mtaa wa pili kutoka kwangu, nabadilisha soketi chumbani kwake. Soketi iko nyuma ya meza ya kioo. Nikaliweka begi chini ya meza likiwa wazi, nikaisogeza meza, nikafanya kazi, nikairudisha, nikaaga.

Alhamisi akaniita. Hereni yake moja ya dhahabu, aliyoachiwa na marehemu mama yake, haionekani, na chumbani tumeingia watu wawili tu: mimi na Oliva, dada wa kazi. Nikatoa plaizi, bisibisi, testa, kila kitu. Akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye mifuko. Hakuna. Nikasema, "Wallahi, Mama Frida, kwenye begi hili hereni yako haimo." Akaniamini kwa sababu niliapa. Oliva, msichana wa Madaba ambaye hana hata mwaka hapa mjini, hakuapa. Alilia tu.

Jana nikiwa kazini kwingine nilikuwa natafuta skrubu ndogo. Lile begi lina ubao mwembamba chini, wa kulifanya lisimame. Nikapitisha kidole chini ya ubao, nikagusa kitu cha mviringo. Baba, nilijua kabla sijakitoa. Hereni ilianguka nilipoisogeza meza, ikapenya pembeni ya ubao. Katika sanduku lako ingelia kwenye bati, nami ningegeuka. Turubai haikusema kitu.

Mchana huohuo kaka Festo akaniambia Oliva anarudishwa kwao kwa wizi, baba yake anakuja kumchukua Jumatatu.

Naogopa, baba. Mwezi uliopita kijana mmoja alipigwa hapa mtaani kwa kuitiwa mwizi tu, na walichomkuta nacho ni begi la mgongoni lenye bisibisi. Mimi nimeapa, na mali ninayo. Nani atasikiliza habari za ubao? Nilifikiria kuirusha hereni dirishani kwa Mama Frida, waiokote wenyewe. Ila wangesema Oliva ndiye aliyeitupa. Wakitoka kanisani nitakwenda. Nitamalizia nikirudi, nikijaliwa.

*

Nimerudi, naandika usiku.

Nilipiga hodi, sikuingia. Walikuwa mezani. Mama Frida akatokea mlangoni.

"Karibu, fundi. Jumapili yote hii, umeme umefanyaje tena?"

"Umeme hauna shida, mama. Hereni yako ninayo mimi."

Mume wake akacheka kule ndani, akidhani ni utani. Nikapiga magoti barazani, nikamwaga vifaa vyote kwenye saruji, nikautoa ubao, nikawaonyesha pale ilipokuwa imekaa. Testa ikanidondoka mara mbili. Mama Frida akaichukua hereni, akaifuta kwa kidole.

"Si uliapa? Hapahapa?"

"Niliapa, mama. Sikujua."

"Hukujua kilichomo kwenye begi lako mwenyewe?"

Ndipo nikakukumbuka ukiwa kazini, unavyolifungua sanduku kizingitini mwa watu, unapoingia na unapotoka, wenyeji wakiangalia. Utotoni nilidhani unajivunia randa zako.

Oliva akatoka jikoni, mikono ina povu. Mama Frida akamwambia, bila kumtazama, "Haya, katoe nguo zako kwenye mfuko."

"Ziache tu, mama. Baba ameshaambiwa. Anakuja."

Halafu mume akasema neno hili litaisha mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kesho saa mbili asubuhi, baba wa binti akiwepo, na nitaeleza mimi mwenyewe. "Wakikuamini, sawa. Wasipokuamini, polisi si mbali."

Oliva alinisindikiza mpaka getini. "Dada, utakuja kweli?"

"Nitakuja."

"Maana usipokuja wewe, baba atabaki na ile aliyoambiwa kwenye simu."

Nilipofika kwangu nikalivuta sanduku lako kutoka uvunguni. Nimerudisha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja kikipiga bati, mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta: "We Zuhura, unabomoa?" Kesho sina kazi ya umeme, lakini nitakwenda nalo, na begi tupu mkononi, nivifungue vyote viwili mbele ya baba yake Oliva. Jina letu ukisikia limetajwa vibaya huko, ujue kwanza hii niliyokuandikia.

Barua nitampa kondakta wa basi la alfajiri, kabla sijaenda kwa mwenyekiti. Nisalimie mama, umwambie nakula. Nisalimie bibi mzaa mama, na kaka mkubwa na mkewe, na yule mdogo wangu wa mwisho aache kuchezea misumari yako. Unishike katika dua zako za asubuhi, hasa saa mbili.

Ni mimi bintiyo,
Zuhura

Saa nane na robo usiku. Sanduku liko mlangoni, limefungwa. Sasa ndiyo nalala.