Kaburi la Majaribio

Dada Ragnhild,

Paka wako ananenepa tu, na mtufaha ulioupanda umezaa mpaka matawi yanainama.

Kazini tuna shughuli mpya. Serikali inataka kila mtu awe tayari endapo vita vitakuja: hospitali, maduka, redio, na sisi wachimba makaburi. Tumeagizwa tutenge nafasi ya kuzika mtu mmoja katika kila ishirini. Usharika wetu una watu elfu moja mia mbili, kwa hiyo nimepigilia vigingi sitini kwenye lile shamba la viazi la baba.

Jirani yetu Mama Vendela alisimama uzioni akacheka. "Sixten, mwaka huu unapanda mbegu gani?"

"Nenda zako, mama, usinitie nuksi."

"Haya, ila mimi niwekee pale penye jua."

Tangu siku hiyo hata kulungu wanavizunguka vigingi, hawapiti katikati.

Jana mchungaji aliniomba nichimbe moja la majaribio kabla ardhi haijaganda. Nilichimba bila kupima, kama nilivyozoea miaka thelathini. Alipokuja na futi yake, akaguna.

"Mbona refu hivi? Umemchimbia nani?"

Nikamwambia nimejisahau.

Mwanangu Hjalmar aliingia jeshini Juni. Unakumbuka alivyokuwa akiinama mlangoni kwako? Usharika mzima hauna mwingine wa kimo kile.

Leo asubuhi nimelifukia. Siku zote udongo hubaki, dada. Leo haukutosha.

Ukiongea na mke wangu, usimwambie.

Mdogo wako,
Sixten